Sanduku la taarifa za siri mtaani kwetu: nyota tatu, na zingekuwa nne

Nianze na nyota ili mwenye haraka aende zake: tatu kati ya tano. Mwezi wa nne ningetoa moja, tena kwa kuwaonea haya wazee wa mtaa.

Huduma ninayoipima ni ile ya kutoa taarifa za uhalifu kwa siri. Mtaa siutaji. Uko Mwanza, upande wa Ilemela, kandokando ya ziwa, ukishaiacha Kirumba ukielekea Igombe, na anayepajua atapajua kwa harufu ya dagaa walioanikwa. Mimi ni fundi wa injini za boti. Kibanda changu kiko hatua thelathini kutoka majini: mabati manne juu, meza ya mbao, pipa la maji la kujaribia mashine, na mimi mwenyewe nina oili mpaka viwikoni siku sita za juma. Hiyo oili muikumbuke, itarudi mbele.

Huduma ilianza baada ya msimu mbaya wa wizi. Wasiojua mambo ya ziwa hudhani mwizi hupenda giza tu. Kwetu huku kuna zaidi. Dagaa huvuliwa giza la mwezi, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, boti zinapumzika mwaloni siku kadhaa, wavuvi wanarudi kwao kuona watoto, na hapo ndipo injini zinapoota miguu. Tajiri makini huifungua yake akaibebesha hadi stoo. Asiye makini humwachia mlinzi, na mlinzi ana blanketi. Walioibiwa walikwenda kituoni, wakaandikisha, wakapewa RB, ile namba ya taarifa polisi, wakarudi nayo kwenye kikaratasi. Mashine wakati huo ishavuka maji. Ziwa hili ni la nchi tatu. Ukishatokea upande wa pili, nani atakudai risiti?

Basi mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, askari wa kata na wale wa BMU wa mwalo wetu, kikundi cha kulinda uvuvi, wakakaa, wakatoka na mpango. Kuna sanduku, kuna namba ya simu ya askari, na kila baada ya muda kuna kura ya siri kwenye mkutano wa mtaa. Nimevitumia vyote.

Sanduku ni la chuma, kazi ya kijana wa mageti, limepakwa kijani, lina mdomo wa kuingizia karatasi na kufuli la kichina. Kazi nzuri, sina la kusema. Tatizo ni walipolitundika. Walilitundika kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, unaotazamana na mama ntilie wawili, kijiwe cha bodaboda na meza ya wakala wa kutuma pesa. Ukiinua mkono kulielekea, watu kumi na tano wanaacha kutafuna. Mara ya kwanza nililiendea saa kumi na moja alfajiri, na bado nikakutana na mzee anatoka msikitini. Akanisalimia vizuri, akaniuliza kama ofisi imefunguliwa.

Hiyo mara ya kwanza niliandika kuhusu kibanda kimoja kinachofungua simu zenye nywila za watu. Baada ya wiki tatu kibanda kikafungwa. Kama ni kwa ajili ya karatasi yangu au kijana alihamia Nyakato kwa mapenzi yake, sijui mpaka leo, kwa sababu sanduku halijibu. Unatumbukiza, kimya. Ni kama kutupa jiwe ziwani usiku, unasikia “chubwi” basi. Hilo limewaponza nusu nyota.

Simu nayo ina mambo yake. Kwanza tusichanganye: 112 ya polisi ni bure na ni ya dharura, nyumba ikivunjwa usiku huna haja ya kutafuta karatasi na kalamu. Rushwa ina 113 ya TAKUKURU, nayo bure. Mimi nazungumzia ile namba ya askari wa kata iliyoandikwa kwa chaki kwenye mlango wa ofisi. Askari mwenyewe ni mtu wa watu, anapokea. Lakini laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Tangu mwaka 2020 isiyosajiliwa ilifungwa. Kwa hiyo ukipiga, hata usiposema jina, umeshaliacha mlangoni. Wakati ule sikulifikiria hilo. Nililifikiria siku ya injini.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa tatu, jua linagusa maji. Kijana mmoja wa palepale mtaani akaja na guta. Ndani kuna kitu kimefunikwa turubai la bluu.

“Fundi, shikamoo.”

“Marahaba.”

“Kuna mashine ya mjomba imetoka Ukerewe. Nataka uibadilishie kava, uipige na rangi. Hela ipo.”

Akafunua. Yamaha 15. Kile kibao cha namba kinachokaa kwenye bano la kuifungia mashine kwenye boti hakipo, na pale kilipokuwa pamepigwa tupa hadi alumini inang'aa kama sufuria mpya. Mwenye mashine halali hana sababu ya kupapiga tupa pale. Lakini hilo silo lililonishtua. Mashine zilizopoteza kibao zimenipitia nyingi, nyingine zimeuzwa mkononi mara nne na hakuna anayejua kilidondoka wapi. Nilichuchumaa nikatazama chini, kwenye lile pezi dogo lililo chini ya propela. Pezi lilikuwa na mshono. Mshono wangu.

Niwaeleze kidogo. Kuchomelea alumini si kuchomelea geti. Ukizidisha moto inakuporomokea mkononi kama ugali mwepesi. Desemba ile boti moja ya sangara ilipanda mwamba. Mnayajua mawe ya Mwanza: yaliyo juu ya maji wageni wanayapiga picha, yaliyo chini ya maji yanakula mapezi. Tajiri akaniletea mashine, pezi limekatika nusu. Nilikuwa na vijiti viwili vya kuchomelea, vikaniishia zikiwa zimebaki sentimita mbili, na siku ile ni sikukuu, maduka yote mjini yamefungwa. Nikamalizia kwa alumini niliyoyeyusha kutoka kwenye pistoni chakavu. Ikashika, lakini rangi yake haikulingana, ikabaki nyeusinyeusi mwishoni kama jino bovu. Nilimwomba tajiri radhi. Akasema pezi halina anayelitazama.

Sasa nilikuwa nalitazama.

Nikasimama, nikajifuta mikono taratibu. Nikamwambia kijana kava sina, nitaiagiza mjini, arudi na mashine Jumatatu. Ningeweza kuipokea, lakini ikikutwa kibandani kwangu mwizi ni mimi. Akaifunika, akasukuma guta lake. Nikamfuata kwa macho mpaka nyuma ya stoo ya barafu, nikaona mlango alioingia.

Nikatoka nyuma ya kibanda, nikapiga ile namba. “Afande, nina taarifa ya injini ya wizi.” Akajibu, “Haya, asante sana. Jina lako nani, na uko wapi?” Hakuuliza kwa ubaya. Ndivyo walivyozoea, maelezo ya kituoni huanza na jina, umri, kazi na makazi. Lakini mimi nikakata simu kama mtoto aliyekosea namba, nikabaki nimeiangalia, halafu ndipo nikakumbuka vidole vyangu kwenye usajili.

Nikarudi kwenye karatasi. Usiku ule nilikaa na kalamu muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa tangu darasa la saba. Nikiandika habari ya mshono wa pezi, nimejitaja. Nikiandika kwamba kijana alitafuta fundi, mwalo mzima tuko mafundi wawili. Kila kilichofanya taarifa iwe ya kweli ndicho kilichokuwa na sura yangu. Mwisho nikaandika mistari mitatu tu: guta la namna fulani, mlango wa nyuma ya stoo ya barafu, mashine iliyopigwa tupa. Kwa herufi kubwa, maana mwandiko wangu wanaujua kwenye risiti. Nikaitumbukiza alfajiri ya Alhamisi, nikaanza kuhesabu siku, kwa sababu sanduku lilikuwa linafunguliwa Jumamosi tu. Fikiria huduma ya wizi inayofunguliwa mara moja kwa wiki. Mwizi yeye hana siku ya mapumziko.

Bahati ilikuwepo. Jumamosi karatasi ikasomwa, Jumapili asubuhi askari na vijana wa BMU wakabisha hodi, mashine ikakutwa chini ya kitanda imeviringishwa na shuka. Mwenye mali akaitwa. Na yeye akaitambua kwa nini? Kwa lile jino bovu. Kumbe pezi lina anayelitazama.

Hadi hapo ningetoa nyota nne. Taarifa iliingia, ikafanyiwa kazi, mali ikarudi. Halafu ukaja mkutano wa mtaa.

Mwenyekiti wetu ni mzee wa heshima, wa kizazi cha Sungusungu. Akasimama, akaeleza mashine ilivyopatikana, akawashukuru askari, akawashukuru BMU, halafu akasema: “Na namshukuru ndugu yetu mmoja. Mikono yake ina oili lakini moyo wake ni safi.” Watu wakapiga makofi. Shingo zikageuka zote kwa pamoja, kama kuku waliosikia mahindi. Mafundi ni wawili, na mwenzangu alikuwa Sengerema kwenye msiba wiki ya tatu hiyo.

Sitaki kukuza mambo. Hakuna aliyenigusa. Mabati yangu yalipigwa mawe usiku mara mbili, basi. Kilichonikaa ni kingine. Mama wa yule kijana ndiye ninayenunua kwake uji kila asubuhi, miaka mingi. Kesho yake alinijazia kikombe bila kunitazama, na chenji akaiweka mezani badala ya kunipa mkononi. Sikujua niseme nini. Uji niliunywa wote nikiwa nimesimama.

Nikaenda kwa mwenyekiti jioni. Shikamoo, marahaba, akaniletea kigoda. Nikamuuliza alijuaje kwamba ni mimi, maana sikuweka jina wala mwandiko. Akacheka kidogo, akasema, “Ng'wanawane, karatasi yako ilikuwa na dole gumba la oili, na inanuka petroli. Nani mwingine?” Nikamwambia mzee, hata kama ulijua, kwa nini ulisema? Akanyamaza. Kisha akasema alitaka kunipa heshima mbele za watu; mtu akitenda jema kwao hupongezwa hadharani, na kunyamaza kungekuwa kumdhulumu. Hapo hasira ikaniishia. Huyu mzee hakunisaliti, alinitunuku.

Mtendaji, ambaye ni binti wa chuo, ndiye aliyekumbusha kwamba ipo sheria tangu mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa za uhalifu na mashahidi. Mzee akauliza kama inasema lolote kuhusu kupongeza. Tukacheka wote watatu, lakini swali lilikuwa zuri.

Mwanangu ndiye aliyenisomea jinsi wenzetu wanavyofanya. Mpango wa namna hii unaoitwa Crime Stoppers ulianzia Albuquerque, Marekani, mwaka 1976. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akifanya kazi kituo cha mafuta aliuawa kwa risasi, upelelezi ukakwama, na mpelelezi mmoja, Greg MacAleese, akaomba televisheni iigize tukio lenyewe na kuahidi zawadi kwa atakayepiga simu, bila kutaja jina. Mtu akapiga, akaeleza gari aliloliona, na waliohusika wakakamatwa. Tangu hapo mpigaji anapewa namba badala ya jina. Akipiga tena anataja namba yake, anaambiwa kama taarifa imezaa kitu, na zawadi anaichukulia kwa namba hiyohiyo. Hiyo ndiyo dawa ya kimya cha sanduku letu, na haihitaji mtambo wowote, inahitaji daftari.

Uingereza ulianza mwaka 1988, na kule simu haipokelewi na polisi kabisa. Inapokelewa na shirika la hisani lililo kando, ambalo halitafuti namba ya mpigaji. Lakini kilichonifanya nimwambie kijana arudie kusoma ni hiki: yule anayepokea simu, kabla hajapeleka maelezo polisi, anayapitia na kuondoa chochote kinachoweza kuonyesha yametoka kwa nani. Hawakuishia kutouliza jina. Mtu wa kule ameshafikiria habari ya mshono wa pezi. Ningekuwa na mtu wa hivyo mwezi wa tatu, ningemwambia kila kitu, mpaka pistoni, naye angechuja. Badala yake nilichuja mwenyewe usiku kwa taa ya simu, nikasahau kuchuja kidole gumba.

Kuhusu zawadi ya fedha, ninyi mtaamua. Mimi naona kwetu ingeleta maneno. Tajiri alinipa kreti ya soda na sangara mmoja wa kilo kama nne hivi, na hata huyo sangara alisemwa.

Kura ya siri naiogopa, nikiri. Si kitu kigeni huku. Machi 2009 serikali iliipitisha Kanda ya Ziwa, watu tukaandika kwa siri tunaowashuku kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Niliandika, na karatasi yangu ilikuwa tupu, kwa sababu sikumjua yeyote, na nilimwona jirani yangu anaandika ukurasa mzima. Ubora wa kura ni kwamba kila mtu anapewa karatasi, kila mtu anaandika, hivyo hakuna anayeonekana kuinua mkono kwenye sanduku. Ubaya ni kwamba kila mtu ana kalamu, hata mwenye deni lako. Mwezi wa tano tulipopiga yetu, mtendaji alisoma karatasi peke yake mezani na nilikuwa karibu vya kutosha kuona uso wake. Baadaye alisema tu kwamba kuna karatasi amezichana, zilizomtaja bibi mmoja mjane kwa sababu ya macho yake mekundu. Anayejua Usukumani anajua wabibi wangapi walipoteza maisha kwa kuitwa wachawi, kisa macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa kupikia. Alifanya vema kuzichana. Lakini siku mtendaji akiwa mwingine?

Baba yangu alikuwa Sungusungu, tangu ilipoanza huku kwetu miaka ya mwanzo ya 1980 ng'ombe walipokuwa wanaisha zizini. Kwao hapakuwa na siri. Mwano, yaani yowe la kuitana, ukipigwa, kila mwanaume anatoka na silaha yake, asiyetoka anatozwa. Mwizi alijulikana, na aliyemtaja alijulikana, na kijiji kizima kilisimama nyuma ya aliyemtaja. Nilimweleza habari ya sanduku kabla hajafariki. Akauliza, “Mnaogopana hivyo?” Sikuwa na jibu. Yeye lakini hakuishi kwenye vyumba vya kupanga na watu wa mikoa saba.

Yaliyobadilika tangu mwezi wa nne ndiyo yaliyorudisha nyota. Sanduku limehamishiwa kwenye bomba la maji, ambako kila mtu anapanga foleni na ndoo na hakuna anayeshangaa mkono wa mtu. Linafunguliwa Jumatano na Jumamosi, na wanaofungua ni watatu: mtendaji, mama mmoja wa vikoba na kijana wa BMU. Mwenyekiti ameukabidhi ufunguo kwa hiari yake. Mtendaji anaandika muhtasari kwenye daftari, na karatasi yenyewe inachomwa palepale. Shukrani za hadharani zimefutwa, ingawa mzee bado huguna tunapofika kipengele hicho. Nilisikia pia kwamba karatasi nyingi siku hizi si za wezi, ni za makokoro na nyavu za timba, zilizopigwa marufuku, na wale wanaouza sangara wasiofika sentimita 50. Nusu ya hizo, nina hakika, zimeandikwa na wenye makokoro wenyewe, kumharibia mwenzao.

Namba ya kumrudishia mtu majibu bado hawana. Nimewaambia mara mbili. Nyota ya nne iko hapo, waje kuichukua.

Wiki iliyopita mwenyekiti alinipigia simu. Unyevu wa ziwa umelishika kufuli, ufunguo hauzunguki, naomba uje na oili kidogo, fundi. Nikamwambia mzee wangu, mwenzangu amesharudi kutoka Sengerema, mtume yeye.